Aliyekukaba usingizini si jirani yako



Juma hili safu yetu inaacha kidogo habari za maji ya kunywa, vyoo na malaria, tuzungumze jambo linalotokea chumbani gizani na ambalo wengi hulificha mpaka liwe limeshavunja nyumba. Nalo ni jinamizi. Mtu amelala, ghafla anazinduka. Macho yako wazi, anaiona dari, anaiona neti, anamsikia jogoo wa jirani. Lakini mwili hautii. Mkono hauinuki, ulimi hautamki, kifua kimeelemewa kana kwamba kuna mtu amekikalia. Na mara nyingi anahisi kweli kuna mtu: kasimama mlangoni, au kakaa ukingoni mwa kitanda, au kampanda kifuani anamkaba. Baada ya sekunde kadhaa, pengine dakika moja au mbili, kitu kinaachia. Anaruka kitandani jasho likimtiririka na moyo ukimwenda mbio.

Jinamizi lenyewe haliui mtu. Balaa huanza asubuhi yake, linapoulizwa swali: nani kanitumia? Ataendewa mganga, na mganga hakosi jina la kutaja. Mara ni shangazi, mara ni mke mwenza, mara ni yule bibi mjane wa nyumba ya tatu mwenye macho mekundu (macho ambayo ukimpima utakuta yameharibiwa na moshi wa kuni wa miaka 40, lakini nani anapima?). Undugu unakatika, mke anarudishwa kwao, mtoto wa kike anachapwa fimbo ili shetani atoke. Yote hayo kwa ushahidi wa jambo ambalo ubongo wa mgonjwa mwenyewe ndio ulioliunda.

Najua maneno haya yatawaudhi baadhi ya wasomaji. Nawaomba tuende pamoja hatua kwa hatua.

Kwanza, tuelewe usingizi. Usingizi wa mwanadamu hauko sawa usiku kucha. Una hatua zake, nazo hujirudia kila baada ya dakika 90 hivi. Mwaka 1953 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Chicago, Aserinsky na Kleitman, waliandika kuhusu hatua moja ya ajabu ambayo macho ya aliyelala huenda huku na huku kwa kasi chini ya kope. Ukimwamsha mtu katika hatua hiyo, mara nyingi atakusimulia ndoto. Kwa mtu mzima hatua hii huchukua kama robo ya usingizi wote, na sehemu yake kubwa huja usiku unapokwisha, kuelekea alfajiri.

Sasa, katika hatua hiyo ya ndoto, Mwenyezi Mungu ameuwekea mwili kinga. Shina la ubongo, yaani ile sehemu ya chini inayoungana na uti wa mgongo, hupeleka amri ya kuilegeza misuli ya mikono, miguu na shingo isifanye kazi. Inabaki misuli ya macho na kile kiwambo cha chini ya mapafu kinachotuvutia pumzi. Bila kinga hiyo, mtu anayeota anafukuzwa na mbwa angekimbia kweli mpaka agonge ukuta. Na wapo ambao kinga hiyo imeharibika. Mwaka 1986 madaktari Schenck na Mahowald wa Minnesota, Marekani, waliwaeleza wagonjwa wa namna hiyo, wengi wao wanaume wa makamo na wazee, waliokuwa wakirusha ngumi na mateke usingizini na kuwaumiza wake zao. Nitawarudia baadaye.

Jinamizi ni hali ya kinyume na hiyo. Akili imeamka, lakini kufuli la misuli halijafunguliwa. Mtu anataka kuvuta pumzi kubwa, misuli ya mbavu haijitokezi kusaidia, kiwambo peke yake kinaendelea na pumzi ndogondogo za usingizini. Hapo ndipo linapotoka lile jiwe la kifuani. Hakosi hewa, ila amezuiwa kuvuta ile pumzi anayoitaka, na hisia ya kuzuiwa pumzi ni miongoni mwa hisia za kutisha kuliko zote mwanadamu anazoweza kuzipata.

Sasa msomaji atauliza: haya, mwili nimekubali. Na yule mtu niliyemwona mlangoni?

Chukua kipande cha karatasi. Chora msalaba mdogo wa kujumlisha upande wa kushoto, kisha chora doa jeusi upande wa kulia, umbali wa sentimita 8 kutoka kwenye msalaba. Ziba jicho la kushoto. Kwa jicho la kulia utazame msalaba tu, usiuache, halafu sogeza karatasi taratibu mbele na nyuma, ukianzia umbali wa kama sentimita 30 kutoka usoni. Kuna mahali lile doa litatoweka. Hapo ndipo mshipa wa fahamu unapotokea nyuma ya jicho, na mahali hapo jicho halioni chochote. Lakini angalia: huoni tundu. Unaona karatasi nyeupe iliyokamilika. Ubongo umejaza pengo kwa kukisia, tena bila kukuomba ruhusa. Wafanyie watoto nyumbani, watafurahi.

Maana yake ni kwamba kuona hakufanywi na jicho peke yake. Jicho linaleta habari, ubongo unaipa maana na kuziba mapengo. Jambo hili si geni kwetu. Ibn al-Haytham, mwanazuoni wa Basra aliyefanya kazi zake kubwa mjini Cairo na kuandika Kitab al-Manazir karibu miaka 1,000 iliyopita, alieleza kwamba sehemu kubwa ya kuona ni hukumu inayotolewa na akili kwa haraka hata mtu hajui kama amehukumu. Ndiyo maana mwezi ukichomoza upeo wa macho huonekana mkubwa kuliko ukiwa utosini, na hali mwezi ni uleule.

Ikiwa ubongo unaziba mapengo mchana kweupe, wewe ukiwa mzima umekaa na karatasi mkononi, itakuwaje usiku ambapo nusu ya ubongo bado inaota? Ndani ya kichwa kuna sehemu ndogo yenye umbo la lozi ambayo kazi yake ni kunusa hatari. Katika usingizi wa ndoto sehemu hii huwa macho kabisa. Mtu anazinduka, hawezi kusogea, pumzi haitoshi, na kengele ya hatari inalia kichwani. Hofu imekuja kwanza. Sababu ya hofu haijaonekana. Basi ubongo unafanya kazi yake ya kila siku: unaitafutia hofu sababu, na lile koti lililotundikwa nyuma ya mlango linakuwa mtu.

Iko habari nyingine ya kushangaza zaidi. Mwaka 2006 madaktari wa Uswisi walichapisha taarifa ya mwanamke kijana aliyekuwa akichunguzwa ubongo kwa sababu ya kifafa. Walipopitisha umeme mdogo katika sehemu fulani upande wa kushoto wa ubongo, nyuma kidogo juu ya sikio, alisema kuna mtu nyuma yake. Hakumwona, alimhisi tu, kama kivuli. Alipokuwa amelala, kivuli kililala. Alipoketi na kukumbatia magoti, akasema yule mtu naye ameketi anamkumbatia, na hapendi. Umeme ukizimwa, mtu anaondoka. Sehemu hiyo ndiyo inayoujulisha ubongo mwili wako uko wapi na umekaaje. Ikivurugika, ubongo unauhisi mwili wako mwenyewe kama ni wa mtu mwingine.

Kisha hofu ikishapata umbo, umbo hilo huvaa nguo za mji. Wajapani wana jina lao, kanashibari, kufungwa kama kwa chuma. Newfoundland, Kanada, ni kizee cha kike anayekaa kifuani. Waarabu wana jathum na kabus. Marekani wapo waliodai kutekwa usiku na viumbe kutoka anga za juu, na watafiti wa Harvard, McNally na Clancy, walipowahoji baadhi yao na kuchapisha mwaka 2005, walikuta visa vyao vinaanza na kuzinduka usiku mwili ukiwa hausogei. Mwili unafanya jambo moja kote duniani, na kila jamii inalipa sura inayoijua.

Wala halitokei kwa wachache. Wataalamu wawili waliokusanya tafiti 35 na kuchapisha mwaka 2011 walikuta kwamba katika watu wa kawaida asilimia 7.6 wamewahi kupatwa na jinamizi walau mara moja maishani. Kwa wanafunzi ilikuwa asilimia 28.3. Kwa nini wanafunzi? Kila aliyewahi kukesha na taa akisubiri mtihani anajua.

Kuna utafiti wa Kijapani naupenda kwa wepesi wake. Mwaka 1992 Takeuchi na wenzake waliwalaza watu wenye afya maabara, wakawaamsha katikati ya usiku kwa makusudi, wakawaacha waendelee kulala. Baadhi yao wakapatwa na jinamizi palepale, mashine zikiwa zimefungwa kichwani. Hakuna aliyewatumia kitu. Walikatishwa usingizi tu.

Lisemwe wazi jambo la itikadi ili nisieleweke vibaya. Majini ni viumbe vya Mwenyezi Mungu, Qur'an imewataja, na mimi niliyekaa miaka chuoni mbele ya maalim siwezi kuja kukanusha hilo kwa sababu nimevaa koti jeupe. Lakini kuwepo kwa jambo ni kitu kimoja, na kulithibitisha katika tukio fulani ni kitu kingine. Wezi wapo mjini, hakuna anayebisha. Je, kila kikombe kikianguka jikoni tunakwenda kumkamata kijana wa jirani? Sheria yetu imeweka masharti mazito ya ushahidi katika kumtuhumu mtu, na kifua kilichobanwa saa kumi usiku hakimo katika ushahidi wowote unaojulikana. Na tukumbuke pia kuwa tumefundishwa kwamba ndoto zina mafungu, na moja ya mafungu hayo ni yale nafsi ya mtu inayojizungumzia yenyewe.

Wanazuoni wa tiba wa Kiislamu wa zamani walilishika jambo hili vizuri kuliko sisi. Al-Akhawayni wa Bukhara, katika karne ya 10, aliandika juu ya kabus kama ugonjwa. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliliweka katika Qanun pamoja na maradhi ya kichwa, akaonya kwamba likijirudia sana huenda likatangulia kifafa. Walidhani sababu ni mvuke unaopanda kichwani, na leo tunajua kwamba sivyo. Lakini hawakuitafuta sababu uani kwa jirani. Inasikitisha kwamba miaka 1,000 baadaye anayelipwa kwa jinamizi bado ni mpiga ramli.

Nina mgonjwa mmoja nisiyemsahau. Binti wa miaka kama 20, ndoa haijatimiza mwaka. Alikuja zahanati na mama mkwe wake, bado amejifunika uso kwa aibu. Alikuwa amekabwa mara nne ndani ya mwezi mmoja. Alishapelekwa kwa mganga, na nilipomwomba anionyeshe mgongo niliona alama za fimbo zinazoanza kupona. Mganga alimtaja wifi, dada wa mume, aliyekuwa akiishi nao kwa sababu ameachika. Wifi alishahamishwa, yeye na mtoto wake mdogo.

Nilimuuliza swali ambalo mganga hakuuliza: ni saa ngapi? Akasema daima alfajiri, baada ya mume kurudi. Mume ni mlinzi wa usiku. Hurudi saa kumi, yeye huamka kumfungulia mlango, humtilia maji, humwekea chai, kisha hujilaza tena chali asubiri adhana. Hapo ndipo anapokabwa. Msomaji aliyefuata habari ya wale Wajapani ameshaelewa. Binti alikuwa akifanyiwa utafiti uleule nyumbani kwake, kila siku, bila mashine.

Dawa yake ilikuwa ufunguo wa pili. Mume alichonga ufunguo, chai ikawekwa kwenye chupa tangu usiku, binti akalala moja kwa moja. Nilimweleza pia jinsi jinamizi linavyotokea, kama ninavyokueleza wewe. Baada ya wiki sita alirudi kwa shughuli nyingine, akaniambia limemjia mara moja tu, na safari hii alilitambua. "Nikasema moyoni, ni lile la daktari," alinieleza huku akicheka. Mama mkwe naye alicheka. Nikauliza habari ya wifi. Wakanyamaza wote wawili. Alikuwa bado hajarudi.

Kule kutambua kwenyewe ni nusu ya tiba, na hili nalo limechunguzwa. Mtafiti Baland Jalal na wenzake walilinganisha watu wa Misri na wa Denmark waliopatwa na jinamizi. Kule Misri karibu nusu waliamini ni kazi ya majini, na Wamisri waliogopa zaidi kwamba watakufa. Mtu anayeamini amevamiwa hulala na hofu, hofu humvuruga usingizi, usingizi uliovurugika huleta jinamizi, na jinamizi humthibitishia kwamba amevamiwa. Anazunguka kama ng'ombe wa kinu, na kila mzunguko kuna mtu anamlipisha.

Mzunguko huo unaweza kuuchukua mji mzima. Mwaka 1995 mimi nilikuwa mtoto mdogo, lakini wazee wetu wanakumbuka vizuri kisa cha popobawa kilichoanzia Pemba, kikaingia Unguja na kuvuka hadi Dar es Salaam. Mengine yaliyosimuliwa hayafai kuandikwa katika gazeti linaloingia majumbani. Lakini sikiliza maelezo ya wengi: nilizinduka, nikashindwa kusogea, kitu kizito kikanikandamiza, sauti haikutoka. Watu wakahama vyumba, wakakesha nje familia nzima wameuzunguka moto. Kwa maoni yangu kule kukesha ndiko kulikolisha balaa lenyewe, kwani mji usiolala ndio mji utakaokabwa. Na mjini Unguja umati ulimuua mtu mmoja, mgonjwa wa akili, kwa kudhani kwamba ndiye popobawa. Kisa kilivuma tena Dar es Salaam mwaka 2007.

Kwa hiyo tufanye nini? Kwanza tulale. Nasema hivi bila mzaha, maana nyumba nyingi sasa zina televisheni mpaka saa sita usiku na simu kitandani mpaka saa nane, kisha watu wanaamshwa kwa swala wakiwa na saa tatu za usingizi. Katika Ramadhani hali huzidi, kwa kuwa usiku umekatwa na daku. Anayejijua ana tatizo hili alale mapema baada ya tarawehe, na apate kailula ya mchana. Kahawa ya jioni na mirungi aviache. Tena asilale chali, kwani jinamizi humjia zaidi aliyelala hivyo. Sisi tumefundishwa tangu utotoni kulalia ubavu wa kulia, kwa udhu na dhikri, na nani hajui jinsi moyo unavyotulia kwa dhikri hizo? Zisomwe. Hakuna mgongano wowote kati ya Ayatul Kursiyu na kulala saa saba kamili.

Likikujia, usipigane na mwili wote, kwa kuwa kupigana kunaongeza hofu. Jiambie kwamba misuli bado imelala na itaamka. Mtaje Mola wako moyoni, ulimi hauhitajiki, uiache pumzi iende yenyewe. Wengine husaidika kwa kujaribu kutikisa kidole kimoja tu cha mguu au cha mkono. Anayelala nawe akisikia unagugumia akuguse na kukuita kwa jina, mara nyingi huachia papo hapo.

Yako mambo ambayo hayafai kukaa nayo nyumbani. Mtu akitetemeka mwili mzima, akajing'ata ulimi au akajikojolea, hicho huenda ni kifafa, na dawa zake zipo. Anayekoroma kwa nguvu kisha pumzi ikakatika akashtuka, naye aletwe. Hali kadhalika anayeshikwa na usingizi wa ghafla mchana mbele za watu, au magoti yakamlegea anapocheka. Mzee anayerusha ngumi usingizini, wale niliosema nitawarudia, asichekwe wala asitengwe chumba tu. Hali hiyo kwa baadhi yao hutangulia kwa miaka mingi ugonjwa wa kutetemeka wa Parkinson, hivyo apimwe. Na yule ambaye jinamizi limemwanza baada ya msiba, kipigo au ajali, na mchana hana raha wala hamu ya chakula, huyo anahitaji kusikilizwa na mtu aliyesomea kazi hiyo.

Unapomleta mgonjwa zahanati, njoo na mambo haya kichwani: analala saa ngapi, anaamka saa ngapi, anaamshwa na nani, amelala ubavu gani linapomjia, na dawa gani anatumia, zikiwemo za miti shamba. Jina la mtu anayemshuku liache nyumbani.

Wabillahi tawfiq.